Kuchagua Baiskeli ya Shokapu Mbili Itakayodumu Njia za Milimani

Hesabu beringi kwanza. Baiskeli ya mlimani yenye shokapu mbele tu ina beringi za magurudumu, za shingo ya usukani na za ekseli ya pedeli, basi. Ukiweka shokapu na nyuma, fremu yenyewe inakuwa kitu chenye viungo, na kila kiungo kina beringi zake. Kwenye fremu nyingi za aina hii zinafika nane, kumi, hata kumi na mbili, juu ya zile za kawaida. Zote zinakula vumbi la Ngong wakati wa kiangazi na tope jekundu la Usambara wakati wa masika. Ndiyo maana mtu akiniuliza baiskeli gani ya shokapu mbili inadumu, sianzi kwa kumtajia kampuni. Namwonyesha kiungo kimoja na kumuuliza: hiki kikifa, spea utaipata wapi, itachukua siku ngapi, na fundi wako ana spana ya kukifungua?

Haya ninayoandika ni kwa anayetaka baiskeli moja ya kumfaa kila mahali porini: apande mlima kwa miguu yake, ateremke penye mizizi na mawe, na wiki inayofuata aitoe tena bila kupitia kwa fundi.

Hatua ya 1: Hakikisha unaihitaji

Njia nyingi tunazozisifu hazihitaji shokapu ya nyuma. Hell's Gate pale Naivasha ni barabara pana za vumbi, na njia kuu za msitu wa Karura ni hivyo hivyo. Foki nzuri ya mbele, yaani uma wenye shokapu unaoshika gurudumu la mbele, na tairi pana zinatosha na kubaki. Kwa pesa ileile, baiskeli ya shokapu moja itakupa breki bora, magurudumu bora na kazi ndogo ya matunzo. Kama mwaka mzima unapita huko tu, nunua hiyo na usijute.

Shokapu ya nyuma inalipa pale ardhi inapokuwa mbaya kwa muda mrefu. Vijia vya wachungaji kwenye mabega ya Ngong, ambako mawe yamelala kama meno. Njia za miguu kutoka Magamba kushuka Lushoto, ambazo mvua imezichimba na mizizi imezipasua. Hapo gurudumu la nyuma linalofuata ardhi linakupa mshiko wakati wa kupanda, linakuwezesha kushika breki bila kuteleza, na baada ya saa nne mgongo wako bado ni wako.

Kuna kundi moja la kuepuka kabisa, hata kama bei inavutia: zile baiskeli za dukani zenye springi nene katikati ya fremu na rangi za kung'aa. Kandamiza siti kwa nguvu kisha uachie ghafla. Ikirudi kwa kuruka kama godoro la springi, ndani hamna mafuta ya kuituliza. Hiyo ni springi tupu. Nyingi zina hata kibandiko kidogo kinachosema zisitumiwe nje ya barabara nzuri. Kiamini hicho kibandiko. Nimewaona vijana wawili wakizishusha milimani na wote wawili walirudi wakizisukuma.

Hatua ya 2: Chagua mwendo wa shokapu na umbo la fremu

Mwendo wa shokapu ni zile milimita ambazo gurudumu linaweza kupanda na kushuka. Kwa matumizi ya jumla angalia kati ya 120 na 150 nyuma, na foki inayozidi kidogo hapo. Mimi ningetafuta 130 hadi 140 nyuma na foki ya 140 hadi 150. Chini ya hapo, kwenye 100 hadi 120, baiskeli nyingi zimeundwa kwa mashindano ya mbio. Watengenezaji wamefuta gramu kila walipoweza, kwenye mabomba ya fremu, rimu na tairi, na gramu zilizofutwa ndizo hukudai baadaye. Juu ya 160 unabeba uzito wa kuteremkia mlima wakati wa kuupanda. Uzito wa jumla wa kilo 14 hadi 16 usikutishe. Ni wa kawaida kwa baiskeli ya alumini iliyoundwa kuishi.

Kuhusu pembe, nitakuwa mfupi. Pembe ya shingo ya digrii 65 hivi inakaa imara kwenye mteremko bila kuwa nzito kwenye kona za polepole. Bomba la siti lililosimama, digrii 75 hadi 77, linakuweka juu ya pedeli unapopanda, badala ya kuning'inia nyuma huku gurudumu la mbele likitangatanga. Saizi usiichague kwa urefu wa bomba la siti kama zamani. Simama juu ya pedeli, shika usukani, uone kama kifua kina nafasi. Mtu wa sentimita 175 mara nyingi hukaa vizuri kwenye saizi ya kati au kubwa, kutegemea kampuni, basi soma jedwali lao na upande kabla ya kulipa.

Hatua ya 3: Soma fremu kama fundi

Hapa ndipo nitakapokaa muda mrefu, maana hapa ndipo pesa hupotelea.

Nunua alumini. Si kwamba kaboni ni dhaifu. Fremu nzuri ya kaboni ina nguvu za kutosha kabisa. Shida ni kwamba baiskeli yetu inasafiri kwenye buti la basi chini ya magunia, inaegeshwa kwenye jiwe, inaanguka ubavu. Alumini ikigongwa inabonyea na unaona. Kaboni inaweza kupasuka kwa ndani na rangi ikabaki safi, na wa kuipima hayupo mtaani kwako. Lakini nawe usidanganyike kwamba alumini inachomeleka. Fremu nyingi hizi ni za aloi kama 6061, ambayo hupewa nguvu zake kwa joto maalumu baada ya kuchomelewa kiwandani. Fundi wa geti akiiunga leo, eneo linalozunguka ule mshono linakuwa laini, na litakatika tena, pengine ukiwa katikati ya mteremko. Fremu ya alumini iliyopasuka imekufa. Bomba la chuma linachomeleka, ila baiskeli za chuma zenye shokapu mbili ni chache mno.

Halafu viungo. Mitindo ya fremu ni mingi na kila kampuni inausifu wake, lakini unaweza kuigawa kwa macho. Kuna ile ambayo mkono wa nyuma unaolibeba gurudumu umefungwa kwenye kiungo kimoja kikubwa karibu na pedeli na kufika moja kwa moja hadi ekseli. Ina beringi chache na matunzo yake ni rahisi. Kuna ile yenye kiungo kidogo cha ziada mbele tu ya ekseli ya nyuma, mtindo wa mbunifu Horst Leitner. Specialized walinunua hataza yake mwaka 1998 na kuishikilia hadi ilipoisha 2013, na tangu hapo kampuni nyingi zimeuchukua. Na kuna ile yenye mikono miwili mifupi inayoshika pembetatu nzima ya nyuma, kama Maestro ya Giant au VPP ya Santa Cruz. Yote mitatu inafanya kazi vizuri. Kwa uimara, kuna mambo matatu ya kuangalia kuliko jina la mtindo.

La kwanza ni namba ya beringi. Tafuta kwenye mwongozo wa fremu orodha ya beringi zake kabla hujanunua. Ukikuta namba kama 6902, 6802 au 6900, furahi. Hizo ni saizi za kawaida za viwandani. 6902 ni milimita 15 ndani, 28 nje, 7 unene, na duka jingine litaiita 61902, ni kitu kilekile. Herufi 2RS zinamaanisha ina sili za mpira pande zote mbili, na hiyo ndiyo unayoitaka kwa sababu ya vumbi. Maduka ya beringi ya Kariakoo au yale ya Kirinyaga Road Nairobi hayajui kitu kuhusu baiskeli za mlimani, lakini namba wanazijua. Beringi za kiwandani za viungo huwa zimejazwa gololi bila kile kikapu cha kuzitenganisha, kwa sababu hazizunguki, zinapinda digrii chache tu zikiwa na mzigo mkubwa. Ya dukani yenye kikapu itakusogeza lakini haitaishi muda ule, kwa hiyo ukiagiza nje agiza zile zenye gololi kamili, seti nzima, na uiweke kabatini.

La pili ni bolti za viungo, na hili nililijifunza kwa uchungu. Nilikuwa natoka Magamba, mteremko wa tatu wa siku ile, nikasikia mlio kama wa ufunguo kwenye kopo. Nikadhani ni cheni. Kona iliyofuata gurudumu la nyuma lilikwenda lilikotaka. Niliposimama nilikuta bolti ya kiungo kikuu imejifungua na kupotea porini, na mkono wa nyuma umehama nusu sentimita. Beringi ilikuwa ya bei ya chakula cha mchana. Bolti ilikuwa ya umbo la pekee, ya modeli ile tu, na niliisubiri wiki sita. Mzee mmoja fundi wa mashine ya kukereza alinitengenezea ya muda, akaniambia, "Mwanangu, kitu usichoweza kukinunua mjini kwako, nunua viwili siku ya kwanza." Tangu siku ile sinunui fremu bila bolti moja ya akiba ya kiungo kikuu na hanga moja, kile kipande kinachoushikiza mkono wa gia kwenye fremu. Afadhali zaidi kama fremu inatumia hanga ya UDH, ambayo kampuni ya gia na breki ya SRAM iliitoa mwaka 2019 na leo inapatikana kwenye fremu za kampuni nyingi tofauti. Hanga ya aina moja kwa kila mtu ni neema kwa mtu anayeishi mbali na kiwanda.

La tatu ni mahali waya na mipira ya breki inapopita. Siku hizi kuna mtindo wa kuvipitisha ndani ya shingo ya usukani. Inapendeza macho. Lakini beringi ya juu ya shingo ikiingia maji, kuibadilisha kunamaanisha kufungua mpira wa breki na kutoa hewa upya. Epuka. Waya upite nje ya bomba, au uingie ndani kupitia tundu la ubavuni lenye kijibomba cha kuuongoza.

Ongeza na hili: beringi za ekseli ya pedeli ziwe za kufunga kwa kuzungusha kama nati, mtindo wa BSA wa milimita 73, si za kugongewa ndani ya fremu. Za kuzungusha unazibadilisha nyumbani kwa spana moja. Za kugongewa zinahitaji vifaa maalumu, na tundu la fremu likiwa halikuchongwa sawasawa zitalia milele.

Mifano ya baiskeli za alumini za kuanzia kuzitazama: Giant Trance X, Trek Fuel EX, Specialized Stumpjumper ya alumini, Marin Rift Zone, Canyon Spectral ya alumini, na Polygon Siskiu T, ambayo inatoka Indonesia na bei yake ni ya huruma. Zimebadilika mwaka hadi mwaka, kwa hiyo usinunue jina. Chukua mwaka kamili wa modeli unayoitaka na uipitishe kwenye maswali ya hapo juu moja moja.

Hatua ya 4: Shokapu na foki

Shokapu ya hewa inakufaa zaidi kuliko ya springi, kwa sababu unaibadilisha kulingana na uzito wako kwa pampu tu. Springi inahitaji ununue nyingine.

Shokapu ya nyuma ina vipimo viwili: urefu kutoka tundu hadi tundu, na urefu wa mwendo wa ndani. Kwa mfano 210 kwa 55, au 230 kwa 65. Saizi za namna hii zilianza kuenea mwaka 2016 na ukivunja moja utapata nyingine, mpya au iliyotumika. Kimbia fremu ambayo shokapu yake ilitengenezwa kwa ajili ya modeli ile peke yake. Ikifa baada ya miaka sita na kampuni imeshaacha kuitoa, una fremu nzuri ya kutundika ukutani.

Kuna hesabu ndogo ninayoipenda. Gawa mwendo wa gurudumu kwa mwendo wa shokapu. Milimita 140 kwa 55 ni kama 2.5. Maana yake gurudumu likisogea 25, shokapu inasogea 10 tu, na inabeba mzigo uliozidishwa kwa kiasi hicho. Ikiwa ndogo, tuseme 2.4 au 2.5, shokapu inafanya kazi kwa utulivu na hewa ya wastani. Ikikaribia 3, mtu wa kilo 95 atalazimika kuijaza hadi karibu na kikomo kilichoandikwa ubavuni, na sili zitalia mapema. Watu wazito waifanye hesabu hii kabla ya kitu kingine chochote.

Kwa foki, angalia unene wa ile miguu inayong'aa. Milimita 34 au 35 inatosha wengi wetu. 36 kama wewe ni mzito au foki ni ya 150 na zaidi. Ile ya 32 iache kwa baiskeli za mbio. RockShox na Fox ndizo zenye sili na vipuri vinavyopatikana kwa urahisi zaidi, na Marzocchi, ambayo sasa iko chini ya Fox, ina foki za bei nafuu zisizo na mbwembwe. Foki ya daraja la kati ya kampuni hizi inakuwa na mafuta yaleyale na sili zilezile za ndugu zake ghali. Tofauti kubwa iko kwenye mfumo wa ndani wa kutuliza mwendo na vifungo vya kuurekebishia.

Jambo ambalo wauzaji hawalisemi: RockShox wanataka mafuta ya miguu ya foki yabadilishwe kila saa 50 za kupanda, na huduma kamili kila saa 200. Saa 50 ni kama miezi mitatu ya mtu anayetoka Jumamosi na Jumapili. Kazi yenyewe si ngumu: unafungua bolti mbili chini, unagonga kwa nyundo ya mpira, unamwaga mafuta ya zamani, unasafisha, unaweka mapya kwa kipimo cha mwongozo. Fundi wa pikipiki makini anaielewa ukimwonyesha mara moja. Asiyeifanya atakuja kuona rangi ya miguu ya foki imelika na alumini ya chini kuonekana, na hapo hakuna sili itakayozuia mafuta.

Hatua ya 5: Magurudumu, tairi na breki

Rimu ya alumini yenye upana wa ndani wa milimita 28 hadi 30, spoku 32, na spoku zenyewe ziwe za kichwa kilichopinda, zile za kawaida ambazo kila fundi anazijua. Spoku za umbo maalumu ni nzuri hadi siku moja inapokatika mjini Mtwara. Ekseli ya nyuma iwe ya milimita 12 kwa 148. Saizi ya gurudumu: inchi 29 kwa watu wengi, 27.5 kwa wafupi. Magurudumu ya 26 usiyaguse kwa baiskeli ya pesa nyingi. Tairi za 26 ziko kila kona, kweli, lakini foki na rimu nzuri za saizi hiyo hazitengenezwi tena kama zamani.

Ondoa tyubu, weka maji ya gundi ndani ya tairi. Kwa miiba ya migunga yetu hili halina mjadala. Joto letu linakausha gundi haraka, kwa hiyo tikisa gurudumu kila baada ya miezi miwili usikilize. Usiposikia maji, ongeza. Tairi iwe pana, inchi 2.4 hivi, na ubavu mnene. Kwa Maxxis, tairi ya nyuma chukua yenye ubavu wa EXO+ badala ya EXO. Gramu mia moja za ziada ni nafuu kuliko ubavu uliopasuliwa na jiwe.

Kwa breki chagua za diski zenye pistoni nne na diski za milimita 180 au 200, na uchague kwa kuangalia mafuta. Shimano zinatumia mafuta ya madini. Hayanywi maji kutoka hewani na yanakaa muda mrefu, ila lazima uagize ya kwao. Breki nyingi za SRAM zinatumia DOT, na hapa kuna faida ambayo wengi hawaioni: DOT 4 na DOT 5.1 ziko kwenye kila duka la spea za magari. Yananyonya unyevu, basi yabadilishe kila mwaka, na usiyaache yaguse rangi ya fremu. DOT 5 bila pointi moja ni kitu kingine kabisa, usiiweke. Na usithubutu kuchanganya: DOT kwenye breki ya mafuta ya madini, au kinyume chake, inavimbisha sili na kuua breki nzima. Modeli chache mpya za SRAM zimehamia mafuta ya madini, kwa hiyo soma kilichoandikwa kwenye mkono wa breki wenyewe.

Gia: Shimano Deore ya gia 12 inatosha na haina sababu ya aibu. Peleka akiba yako kwenye magurudumu badala ya kupanda madaraja ya gia. Nunua kipimo cha kulika kwa cheni, na kikionyesha 0.5 ibadilishe cheni. Cheni inayocheleweshwa inakula kaseti, ile seti ya meno ya gia za nyuma, na kaseti ni bei ya cheni kadhaa. Siti ya kushuka, ile unayoishusha kwa kitufe cha kwenye usukani, iwe ya waya, si ya mafuta.

Hatua ya 6: Ukinunua mtumba

Baiskeli nyingi nzuri zinazotufikia zimeshatumika Ulaya. Nenda mchana, nenda na spana ya L na tochi, na usikubali kuharakishwa.

Anza kwa kuinua. Shika siti, inyanyue taratibu hadi gurudumu la nyuma likaribie kuacha ardhi. Ukihisi mgongano mdogo kabla haijanyanyuka, bushi za shokapu zimelika. Hizo ni nafuu. Kisha shika gurudumu la nyuma kwa mkono mmoja na fremu kwa mwingine, sukuma na kuvuta pembeni. Likicheza, angalia kama ni habu, yaani kitovu cha gurudumu, au kiungo: weka kidole kwenye mwanya wa kila kiungo mtu mwingine akitikisa, utahisi kinachosogea. Shika breki ya mbele, sukuma usukani mbele na nyuma. Mchezo kwenye shingo unakazwa bure, mchezo ndani ya foki unagharimu.

Sasa omba kufungua shokapu ya nyuma. Ni bolti mbili. Muuzaji mkweli hatakataa. Bila shokapu, pandisha na shusha sehemu ya nyuma kwa mkono. Inapaswa kwenda kama mlango uliotiwa mafuta. Ikikwaruza kama mchanga au ikisimama njiani, beringi zimeshika kutu, na hapo punguza bei kwa gharama ya seti nzima pamoja na kazi. Shokapu ambayo imebaki imezama na haitaki kurudi ina hewa iliyokwama upande usiofaa. Usiifungue mwenyewe kamwe, hewa hiyo inaweza kukurushia vyuma usoni.

Pitisha ukucha kwenye miguu ya foki na mhimili wa shokapu. Mkwaruzo unaoukamata ukucha utakula sili. Pindua baiskeli na umulike chini ya bomba la chini, karibu na pedeli, panapopigwa na mawe. Kisha mshono wa bomba la siti na bomba la juu, mishono ya shingo, na mahali mikono ya nyuma inapokutana. Mstari mwembamba kama unywele kwenye rangi unaweza kuwa ufa. Ukiwa na shaka, acha.

Mwisho, soma namba ya fremu, mara nyingi iko chini ya ekseli ya pedeli. Itafute kwenye rejesta ya mtandaoni ya Bike Index, ambako watu huandikisha baiskeli zao na zile zilizoibiwa. Namba iliyofutwa kwa tupa inakujibu yenyewe. Na ujue kwamba dhamana ndefu za fremu ambazo makampuni hutangaza kwa kawaida ni za mnunuzi wa kwanza, hazikufuati wewe.

Hatua ya 7: Wiki za kwanza

Kabla ya kutoka, tenga sehemu ya pesa kwa vitu vitatu: pampu ya shokapu, spana ya kupima mkazo inayofika angalau Nm 20, na chupa ndogo ya gundi ya buluu ya bolti. Fungua kila bolti ya kiungo, ifute, iguse kwa gundi hiyo pale mwongozo unaporuhusu, ikaze kwa Nm zilizoandikwa. Nisingefanya hivi kwa kukisia. Uzi wa alumini ukichanika umeharibu fremu.

Weka hewa. Vaa kama unavyovaa njiani, pamoja na mkoba na maji. Kaa kwenye siti taratibu ukijishikiza ukutani, sogeza ule mpira mdogo wa mviringo ulio kwenye mhimili wa shokapu hadi kwenye sili, shuka bila kuruka. Nyuma ibonyee asilimia 25 hadi 30 ya mwendo wa shokapu. Kwa shokapu yenye mwendo wa 55 hiyo ni kama milimita 14 hadi 16.5. Foki, asilimia 15 hadi 20. Hewa ikiwa ndogo mno, kila shimo litapiga mwisho wa shokapu, na mpigo huo unakwenda moja kwa moja kwenye bolti na mishono ya fremu.

Ukiosha, tumia ndoo na brashi. Ile mashine ya maji ya nguvu ya pale wanapoosha magari inasukuma maji kupita sili za viungo na kuyafungia ndani pamoja na grisi. Baada ya tope la masika, futa miguu ya foki kwa kitambaa kikavu kabla hujaingia kula.

Safari tano za kwanza zikiisha, rudia kukaza kila bolti ya kiungo, kisha andika tarehe na saa ulizopanda kwenye daftari linaloning'inia pale baiskeli inapolala. Zikifika 50, siku ya mafuta ya foki imefika.